Mpaka Maua Yafike Mlangoni

Katika kambi ya reli pale Kalemie, miaka ile ya Zaire, nyumba ya karani isiyo na maua ya saloni, chumba cha wageni, haikuhesabiwa kuwa nyumba. Tuliyaita maua ingawa hayakuchanua hata siku moja. Yalikuwa majani tu, mmea unaotambaa, uliopandwa kwenye kopo la maziwa na kupitishwa ukutani kwa misumari na uzi. Kila Jumamosi sisi wake wa makarani tuliyapangusa jani kwa jani. Nilikuwa na miaka ishirini, na kazi ile ilinichosha roho.

Mama yangu alikuwa kijijini kwetu Mpala, kando ya ziwa, macho yake yakififia. Alituma wavuvi waniambie kwamba anataka kuniona kabla hajapofuka. Mume wangu hakunikatalia waziwazi. Kila mara alisema tutaona. Siku moja nikamwomba mbele ya wageni wake waliovaa abakosti, suti za wakubwa za enzi ile zisizo na tai. Akaonyesha ukuta kwa chupa yake ya bia.

"Siku maua itafika ku mulango, njo utaenda."

Wageni wakacheka. Mimi nikahesabu misumari hadi mlangoni: ilibaki kumi na mmoja.

Mmea ule niliujua kuliko yeye. Kwetu hukaa msituni kando ya kijito, penye kivuli na unyevunyevu. Huanza chini na vijani vidogo, hushika gome la mti kwa mizizi yake, hupanda kufuata mwanga, na huko juu majani hupanuka kama ungo. Kwenye saloni yetu ulikuwa na saruji na uzi. Basi nikawa nafungua pazia mchana kutwa, nikaupa maji niliyooshea samaki. Mume wangu alilalamika kwamba nyumba inanuka soko, nikajifanya sisikii. Mmea ukaitika. Misumari ikabaki mitano, halafu miwili. Kisha ikabaki miwili wiki baada ya wiki. Nikadhani nimeuunguza kwa maji ya samaki, nikajilaumu sana.

Jumamosi moja dagaa hawakuingia sokoni, nikarudi mapema. Nikamkuta mume wangu juu ya kiti, wembe mkononi, ncha changa ya mmea iko sakafuni.

Hasira ilinipanda. Nikamuuliza amekata mara ngapi. Alishuka polepole, akakaa kwenye kiti kile kile, karani aliyeogopwa na biro nzima, ofisi yote ya reli, na hakunitazama.

"Mama, ukienda kwenu, utarudia?"

Nilisimama na kikapu changu kitupu. Miezi yote ile, nikipangusa majani na kuhesabu misumari, nilikuwa napanga vitu vya kumpelekea mama: chumvi, sabuni, kitenge. Wazo la kutorudi halikuwahi kunijia. Lilinijia pale pale, mbele yake.