Tiara ya Baba na Kijiji Nyuma ya Kilima

Katika kata yetu, mimi ndiye mtu wa kwanza kurudi kutoka ng'ambo na stashahada. Nalitaja hili mapema ili ijulikane anayesema ni nani. Sikuwa na mjomba ofisini wala padri wa kuniandikia barua. Nilikata mkonge, nikasoma kwa njia ya posta, nikafaulu, na huko kwenye baridi niliosha masufuria ya mkahawa ili nijilipie chumba. Nilisomea hali ya hewa. Niliporudi nilipewa kituo Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro, nikawa na karani, kabati lenye kufuli, na chombo cha kupimia upepo chenye vikombe vitatu vinavyozunguka juu ya mlingoti. Wakati huo mtu aliyejua kukisoma chombo kile bila kubahatisha alikuwa mimi peke yangu pale kituoni. Karani alikiogopa.

Nyumbani kwetu ni Kisarawe, bondeni chini ya Marui, mahali mto unapopita kati ya vilima viwili. Upepo wa pale ulikuwa na saa zake. Alfajiri ulishuka pamoja na mto, mwembamba na wa baridi. Saa tatu ulikufa. Kuanzia hapo hadi saa nane mchana hapakuwa na kitu, hata jani la mgomba halikutikisika. Saa nane upepo wa pwani uliingia mlangoni mwa bonde, ukabanwa na vile vilima, ukapanda kwa nguvu mpaka jua lizame. Miezi ya kusi ulikuwa mkali zaidi. Nilikuja kuyaandika haya yote katika majedwali, nikiwa na stashahada, lakini niliyajua tangu nikiwa sina viatu.

Watu wa mjini hudhani tiara ni mchezo wa watoto. Kwetu ulikuwa mchezo wa wanaume wazima, na ulianzia kazini. Mpunga ulipokaribia kukomaa, kwelea walikuja makundi kwa makundi, na wenye mashamba walikaa kwenye madungu, vichanja vya miti juu ya mpunga, kuwaamia ndege hao. Baba alichoka kupiga debe. Akaunda tiara kubwa yenye umbo la mwewe, kwa njiti za mnazi na karatasi ya mfuko wa saruji, akaigandisha kwa gundi ya mkorosho, akaifunga uzi wa katani aliousokota mwenyewe. Saa nane ilipofika aliipandisha juu ya shamba. Kwelea wakahama. Baada ya mavuno, wazee wa bonde zima walipanda mtelemkoni na tiara zao, kila alasiri, wakazirusha bila sababu nyingine ila kuzirusha. Hawakukimbia nazo kama watoto. Mtu alisimama, akaupa upepo mgongo, akaachia uzi kidogo kidogo. Baba angeweza kusimama hivyo mpaka magharibi. Nadhani ndio wakati pekee niliomwona hafanyi kazi.

Ulipofika mwaka wetu wa kuhamia kijiji cha ujamaa, kamati ilitafuta mahali pa kujenga. Bondeni palikuwa na mafuriko, na kila kusi mapaa ya makuti yaling'oka. Wakaniita kutoka Kibaha. Nilikuja na chombo changu, nikakisimika sehemu nne tofauti, siku kadhaa kila sehemu. Mwisho nikachagua eneo nyuma ya kilima, mwendo wa saa moja na nusu kutoka mtoni. Pale vikombe havikuzunguka, asubuhi wala alasiri. Nilisimama mbele ya kamati na karatasi zangu, na kamati ikapitisha. Mwenyekiti alisema, "Huyu ndiye msomi, si wale wanaotuletea hotuba."

Jioni ile baba alikuwa amekaa kibarazani, anasuka mkia mpya wa tiara kwa vipande vya kanga ya zamani. Nilimwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nasikia mmeshapata mahali."

"Tumepata."

"Huko unakotupeleka, mwanangu, upepo upo?"

Nilidhani anaogopa. Nyumba yake ilikuwa imeezuliwa mara mbili nilipokuwa ng'ambo. Nikamjibu kwa furaha, kwa sababu jibu lilikuwa kazi ya mikono yangu.

"Usiwe na wasiwasi, baba. Hakuna hata wa kupeperusha kanga."

Aliendelea kufunga fundo alilokuwa akilifunga.

"Haya," alisema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Tulihama. Nyumba zilipangwa kwa mistari, na ya baba ikawa ya pili kutoka kwenye ghala. Mashamba ya mpunga yalibaki bondeni, na wenye nguvu walishuka na kupanda kila siku. Baba miguu ilikuwa imeanza kuvimba. Alipewa kazi ya kuchambua korosho kivulini.

Nilisikia habari zake kwanza kwa watu. Walisema kila saa nane mchana mzee anatoka na tiara yake, anasimama katikati ya uwanja wa mpira, anaupa mgongo upepo ambao haupo. Nilipokuja Jumamosi moja nikamkuta. Mtani wake, Mnyamwezi mmoja aliyebaki kwetu tangu enzi za mkonge, alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, anamtazama.

"Mzaramo, unamsubiri nani hapo juani?"

"Nasubiri mgeni," baba akajibu bila kugeuka.

"Mgeni wako mwanao kamfungia mlango. Ana karatasi yenye muhuri."

"Atapita dirishani."

"Dirisha nalo kaliziba. Njoo ukae, mzee, utaota mizizi, halafu watoto wako waseme Mnyamwezi kakuloga."

Watu walicheka, na baba alicheka. Mimi nilitoa chombo kidogo cha mkononi nilichokuwa nacho mfukoni, nikakiinua juu. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Nadhani nilitaka kuonyesha.

"Hakizunguki, baba."

"Hata mimi naona," alisema.

Ndipo nikaelewa alichoniuliza kibarazani. Sikuhisi kitu kikubwa. Nilirudisha chombo mfukoni, nikamwambia kwamba kusi halijaisha, na kabla halijaisha nitampeleka bondeni kwa gari, arushe tiara yake pale pale mtelemkoni. Baba aliniangalia usoni kwa mara ya kwanza siku ile.

"Kwa gari?"

"Kwa gari la ofisi."

"Basi nitabadilisha karatasi," alisema. "Hii imechoka."

Gari la ofisi halikuwa rahisi kupatikana, hata kwa mtu wa cheo changu. Wiki ya kwanza lilikuwa gereji. Ya pili lilichukuliwa na mkubwa wangu. Ya tatu nililipata, lakini siku hiyo hiyo wageni wa wizara walikuwa wanakuja Kibaha saa tisa alasiri kutazama vyombo vyangu, na bila mimi pale kituoni wangetazama mlingoti tu. Niliwaza kwamba nikitoka alfajiri nitaweza yote mawili.

Tulifika bondeni saa nne asubuhi. Baba alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Nilimshika mkono mpaka mahali pake pa zamani, juu ya kichuguu, na alisimama, akaupa mgongo upande wa pwani, akaishika tiara yake kifuani. Karatasi ilikuwa nyeupe bado. Mto ulikuwa chini, umetulia kama maji ya ndoo. Madungu yetu ya zamani yalikuwa yameegemea upande mmoja.

Tulikaa. Saa tano ikapita. Baba hakuweka tiara chini. Saa sita nilianza kuangalia saa yangu, na nilijitahidi asione.

"Unaijua saa ya upepo wa hapa," alisema, si kwa kuuliza.

"Naijua, baba."

"Saa nane."

"Saa nane."

"Na wewe saa nane unatakiwa uwe wapi?"

"Saa nane niwe njiani. Saa tisa Kibaha."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu dukani.

"Basi," alisema. "Twende. Usiwakawize wageni wako."

Nilimwambia tutarudi tena. Alisema sawa. Njia ilikuwa mbaya na gurudumu moja lilitupa tabu, hivyo tulichelewa kupanda. Tulipofika juu ya kilima, kabla hatujaanza kuteremka upande wa kijijini, nilitazama kwenye kioo cha gari nikaona minazi ya bondeni imeanza kuinama, yote kwa pamoja, kuelekea ndani ya nchi. Baba alikuwa anatazama mbele. Tiara ilikuwa magotini mwake. Sikusimamisha gari.

Wageni waliridhika. Mmoja aliandika jina langu katika daftari lake.

Mwaka ule kusi liliisha, na sikupata gari tena. Mwaka uliofuata nilikuwa kwenye mafunzo. Baba aliitundika tiara ukutani juu ya kitanda, na sikusikia tena kwamba amesimama uwanjani. Alichambua korosho. Nikienda, alinikaribisha vizuri, aliniuliza habari za kazi, na mimi nilimweleza kwa urefu, kwa sababu habari za kazi zilikuwa nzuri.

Alifariki mwezi wa saba, kusi likiwa katikati. Mwinjilisti alifungua kitabu cha ibada juu ya meza ndogo nje ya nyumba, akakiacha wazi akaenda kunywa maji, na hakuna ukurasa uliojigeuza.

Watani wana haki yao msibani, na yule Mnyamwezi hakuiacha. Wakati watu wamekaa chini ya turubai alitoka ndani na tiara ya baba, amejifunga shuka kama mgonjwa, anachechemea kwa mwendo wa baba. Akaenda mpaka katikati ya uwanja. Akaupa mgongo upande wa pwani.

"Upo," alisema kwa sauti ya baba. "Upo, unakuja huo. Nimekwisha kusikia harufu yake."

Akaachia uzi. Tiara ilianguka miguuni pake. Akaiokota, akaachia tena. Ikaanguka. Watu walicheka mpaka wakalia, kama inavyotakiwa. Mara ya tatu hakuiokota. Alisimama pale na uzi mkononi, mgongo kwetu, kwa muda mrefu kuliko mchezo wenyewe ulivyohitaji, na kicheko kikaisha.

Mama mmoja mzee aliyekuwa karibu nami, aliyehama nasi kutoka bondeni, alinigusa bega. Alitaka kunifariji.

"Mwanangu, baba yako kaacha jina. Tangu umetuchagulia mahali hapa, hakuna paa hata moja lililotoka."

Ilikuwa kweli. Niliangalia mapaa yote, mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na yote yalikuwa mahali pake.

"Asante, mama," nikasema.