Leso ya Nahodha

Nahodha anauza boti yake ya kuvulia samaki wakubwa, lakini mteja akifika gatini haonyeshwi viti wala fimbo za kuvulia. Anaambiwa avue viatu, kisha nahodha anafunua mfuniko wa injini, anachomoa leso nyeupe mfukoni na kumkabidhi. "Pangusa popote roho inapokutuma." Vidole vyake vimekakamaa kwa miaka kumi na minne ya kukaza nati za boti hiyohiyo, na kila akipita huugusa ukingo wake kama mtu anayempima mtoto homa. Jana alikuja mama mwenye hoteli, mtu asiyeingizwa mjini kirahisi. Aliinama, akaipitisha leso chini kabisa ya injini, akasugua kwa nguvu zake zote. Akainuka, leso ingali mkononi, akaanza kuomba bei.

"Lakini baba, boti yenyewe imeshatumika. Si upunguze kidogo?"

Nahodha aliichukua leso, akaikunjua, akajifuta jasho usoni, shingoni, mpaka kwenye pembe za macho, taratibu, bila haraka.

Mama akaguna, akaketi.

"Haya, lete kalamu."