Dawa ya Kumrudisha Papa Barthélemy

Siku hizi Mama Agnès akimaliza kuanika ndagala, samaki wake wadogo, kando ya ziwa, hujinyoosha kivulini, na kila akisinzia ndoto ni ileile: panya weupe wanapita juu ya reli, polepole, wanaamkiana kwa majina. Hakuna hata mmoja aliyemsahau mwenzake.

Musicheke. Habari za panya hao aliletewa na mtoto wake Ghislain, anayefanya kazi kwenye labo moja ya kutafuta dawa huko Ubelgiji. Alimweleza kwa simu kwamba ndani ya ubongo wa mtu anayesahau kama baba yake, protini mbovu hurundikana mpaka zinaua seli za neva. Wao wanajaribu kidawa ambacho bado hakina jina, kina namba tu, kinachozikinga seli zile. Panya waliopewa wanakumbuka njia zao. Watu bado.

Hapo Mama Agnès alichemka. Panya wapone, na mume wake Papa Barthélemy, aliyeendesha treni za Kabalo miaka thelathini, akae anamuuliza bibi yake kila asubuhi amekuja kumwona nani! Wiki tatu alimbembeleza Ghislain, akamnunia, akalia, mpaka kijana akalegea. Angeiba chupa moja na kuituma. Ila alisema wazi: inaweza kumrudisha Papa, inaweza kumuua. Alingoja jibu Jumapili.

Jumapili, walipotoka misa, ziwa lilikuwa limelala na mwanga mweupe umejaa mpaka mlangoni. Mama Agnès aliona si vizuri kumwamulia mtu mzima kama mtoto mchanga. Akaketi karibu naye, akamweleza yote, akamuuliza kama angeinywa.

Mzee aliwaza sana. Kisha akajibu kwa adabu, kama anavyojibiwa mgeni:

"Mama, miye niko na bibi yangu, anaitwa Agnès. Muulize yeye. Akikubali, nitakunywa."

Mama Agnès akaingia ndani, akasimama nyuma ya pazia. Alimtaka mume wake arudi, hata kwa asubuhi moja tu. Alisimama pale mpaka machozi yakakauka, akatoka.

"Nimemuuliza," alisema. "Amekataa. Anasema anakutaka hivyohivyo ulivyo."

Papa Barthélemy akatabasamu. Akamwambia anampenda sana mwanamke yule, na kama atapita tena kwake, amsalimie.

Mama Agnès akasema atamfikishia.