Mtunza Kadi na Wajina Watatu

Zamani ukitaja jina moja la Kiarabu lililobebwa na watu watatu maktabani, mtunza kadi alikuuliza, "Mshairi, mchoraji au waziri?", lakini siku hizi kompyuta imewafanya wote mtu mmoja. Mzee mmoja, msomaji wake wa miaka mingi, alizoea kumwona akilamba kidole, akikohoa, kisha akivuta kadi bila kusita, maana mtunza kadi alisema huwatofautisha wajina hao kwa majina ya mama zao.

Mara ya mwisho mzee alimkuta na kadi mbili mkononi, ya mshairi na ya waziri.

"Kaka, leo kadi zote zinatupwa, na kompyuta imempa waziri mashairi yote. Nataka kurekebisha, lakini kadi ya mshairi ni ipi? Kumbe hata mama zao ni wajina!"

"Unaniuliza mimi? Miaka yote nakutegemea wewe!"

Mtunza kadi alizigeuza, akazigeuza tena, kisha akampa zote mbili mpakiaji aliyekuja kubeba kadi za kutupwa.