Tulipu Nyeupe za Kwaresima

Nta ya mshumaa ikianza kuyeyuka ina harufu ambayo watu wengi wanaipenda. Wanasema inawakumbusha kanisa na Krismasi. Mimi inanikaba. Nikiinusa mahali, hata kwenye sherehe ya watu wenye furaha zao, natafuta mlango. Mwaka niliokuwa na miaka kumi, nyumba yetu ya Bombambili, hapa Songea mjini, ilinuka nta kuanzia Jumatano ya Majivu mpaka Pasaka ilipokaribia. Ilinuka nta, mkaa, na dawa ya kuchua aliyopakwa Babu kifuani. Mvua ilinyesha bila haraka, asubuhi mpaka jioni, mlima wa Matogoro ukapotea mawinguni, na udongo mwekundu wa uani ukageuka tope la kunasa ndala. Harufu ile iliingia mpaka kwenye sare yangu ya shule. Mwenzangu niliyekaa naye dawati moja aliniambia nanuka msiba, akahamia dawati jingine, na mwalimu hakumrudisha.

Mama yangu alikuwa fundi wa maua ya karatasi. Harusi, kipaimara, jubilei ya masista, altare ya kanisa la kigango, kaburi la mtu mkubwa au la mtoto mchanga, wote walimjia yeye. Alitumia karatasi zile laini zenye mikunjo, zinazovutika ukizishika vibaya na kuchanika ukizishika vibaya zaidi. Alizikata, akazifunga kwa uzi kwenye waya mwembamba, kisha akalichovya kila ua kwenye nta ya moto na kulining'iniza kwenye kamba likauke. Bila nta, mvua ya kwetu ingeshusha rangi yote chini kabla padri hajamaliza sala za mazishi. Mafundi wengine wa mjini walitengeneza waridi, waridi, waridi, mpaka inachosha. Mama peke yake alitengeneza tulipu, ua lenye umbo la kikombe, na mtaani kwetu ni mtu mmoja tu aliyewahi kuliona likichanua shambani.

Huyo alikuwa Babu, baba yake Mama. Ujana wake wote alitunza bustani ya misheni, na kulikuwa na Bruda mmoja wa Ulaya aliyekuja na mizizi ya tulipu, ya mviringo kama vitunguu maji. Wakaipanda, ikatoa majani mawili matatu, ikaoza. Bruda akasema ua hili linataka baridi ya kwao, lisipopigwa na baridi haliamki. Basi wakaiweka mizizi mingine kwenye friji la mafuta ya taa, pembeni ya nyama ya mapadri, miezi chungu nzima, na mpishi nusura aikatie kwenye mchuzi. Walipoipanda, mmoja tu ulichanua, ua jekundu. Babu alilizungumzia ua lile namna wanaume wengine wanavyomzungumzia ng'ombe waliyemuuza wakajuta. Alimfundisha Mama umbo lake kwa mikono mitupu: petali tatu ndani, tatu nje, zikumbatiane, zisipanuke, maana tulipu likifunguka sana ujue limeshaanza kufa. Mama alilishika somo hilo haraka, na wateja wakalipenda ua lake kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa nalo.

Babu aliletwa kwetu kutoka kijijini mvua zilipoanza. Hospitali walimpima, wakamlaza, wakaongea na Mama pembeni, kisha wakamruhusu. Mimi nilidhani kuruhusiwa ni kupona. Kitanda chake kikawekwa sebuleni karibu na jiko la mkaa, dirisha likaachwa wazi kidogo ili hewa ipite. Chumba hicho ndicho pekee kilichokuwa kikavu, kwa hiyo na kamba ya maua ilikuwa humo humo, juu ya miguu yake. Mwanzoni jambo hili lilimfurahisha. Alilala akitazama maua mekundu na ya njano ya harusi za watu, akimkosoa Mama, akinitania mimi. "Mke wangu," aliniita, kama mababu wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kike, "mama yako katupambia kitanda, leo tunafunga ndoa." Mama alicheka. Nilikipenda sana kicheko chake cha siku zile, na nakikumbuka kwa kuwa hakikudumu.

Kwaresima ikaingia. Kwa asiyejua, kwetu Wakatoliki hicho ni kipindi cha mfungo: altare haiwekwi maua, na watu hawafungi harusi mpaka Pasaka ipite. Kila mwaka kipindi hicho Mama alikunja kamba yake, akaenda kupalilia mahindi, akaifunga tena mtu akifa tu. Mwaka ule hakuikunja. Siku chache baada ya kupakwa majivu nilirudi kutoka shule nikakuta tulipu nyeupe zinaning'inia juu ya miguu ya Babu. Kesho yake zikaongezeka. Nyeupe tupu, hakuna jekundu hata moja, na mtaani hakukuwa na msiba. Babu hakukosoa. Alizitazama tu zikizunguka polepole kwa joto la jiko, nta ikidondoka kwenye gazeti lililotandikwa chini. Siku moja Mama akiwa bombani aliniita. "Mke wangu, hebu muulize mama yako, hayo meupe ni ya nani?" Mama aliporudi nikamuuliza. Alikuwa ameshika mkasi, hakuinua uso. "Ya harusi," akasema. Nikampelekea Babu jibu hilo kama lilivyo. Alifumba macho. Mtu aliyeishi misheni miaka yote ile unamwambia habari za harusi katikati ya Kwaresima. Hata mimi, mtoto wa darasa la nne, nilihisi jibu lile limekaa vibaya, lakini nilihisi nikiwa nimeshalitamka.

Jioni hiyo Babu alirudisha uji. Kesho yake akaurudisha tena, akasema koo halitaki. Akawa anakunywa maji tu, tena kidogo, huku macho yake yakipanda kwenye kamba na kushuka. Wanawake wa jumuiya ya kanisani waliokuwa wakija kusali naye rozari waliyaona maua yale, wakatazamana, wakanyamaza. Mara ya pili walisali wamesimama mlangoni, wakaondoka bila kunywa chai. Kwetu kitu cha kaburini hakitengenezwi mtu akiwa hai. Mbao za jeneza hazinunuliwi mapema, sanda haiwekwi sandukuni. Ukifanya hivyo, watu wanasema, unamwita mgeni ambaye hata hakuwa njiani. Jirani yetu aliacha kumtuma mwanaye kwetu kuomba moto. Nilianza kuogopa kuingia sebuleni peke yangu. Niliyaogopa maua, na, Mungu anisamehe, nilianza kumwogopa mama yangu. Nilimtazama anavyokata karatasi, kimya, midomo ameibana, nikajiuliza kama mtu anaweza kumchoka baba yake.

Aliyeukata ukimya ule ni Bibi Otilia, dada yake Babu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Habari zilikuwa zimemfikia kijijini. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Alisimama chini ya kamba, kanga imelowa, akasema maneno kwa Kingoni, kisha akayarudia kwa Kiswahili ili na mtoto niliyekuwepo nisikose. "Magreti, baba yako anapumua. Unamsubiri?" Mama alitoka jikoni na mikono yenye nta. Nilitegemea akane. Badala yake alikaa sakafuni, akasema yote kwa mkupuo: kwamba hospitali walimwambia yeye kuwa Babu hataiona Pasaka, kwamba kwa mvua hii maua ya shada zima hayawezi kukauka kwa siku moja ya msiba, kwamba amepamba makaburi ya watu wote wa Bombambili, hawezi kumzika baba yake mzazi na maua yanayochuruzika rangi. "Shangazi, ningewahije?" akauliza. "Niambie wewe, ningewahije?" Bibi Otilia alikaa chini karibu naye. Akaanza kulia. Mama akalia. Mimi nikalia kwa sababu ndiyo mara ya kwanza nilisikia kwamba Babu anakufa. Babu peke yake hakulia. "Yashusheni," akasema, "niyaone."

Wakayaweka kifuani kwake. Aliyashika moja moja, akasema ni mabaya. "Yamefunguka mno. Uliyatengeneza huku unaogopa. Anza upya, na uyatengenezee hapa hapa, mbele yangu." Kisha akaomba uji. Ninapowasimulia watu hapo huwa wanatabasamu, wanadhani mambo yalitengemaa. Thubutu. Kuanzia siku ile Mama alikaa kwenye kigoda pembeni ya kitanda akitengeneza shada la baba yake, na baba yake akimwelekeza, bana hapo, legeza, hiyo ya ndani imezidi, na mimi nimeshika uzi. Bibi Otilia alikaa nje kibarazani, hakutaka kuona. Babu alikula ili aone kazi inavyoendelea, na mimi nikapiga hesabu zangu za kitoto: siku ua la mwisho litakapofungwa, hatakuwa na sababu ya kula tena. Nadhani Mama alikuwa amepiga hesabu hiyo kabla yangu, maana mkono uliokuwa mwepesi kuliko yote mjini ukawa mzito. Leo karatasi imepata unyevu. Leo nta haitoshi. Leo mkasi ni butu. Alifunga ua, akalifungua, akalifunga tena. Shada lilisimama kwenye kona likiwa na pengo upande wa juu, kama mdomo wa mtoto aliyeng'oka jino. Kila nilipotoka shule nilitazama pengo lile kwanza, ndipo nimtazame Babu.

Babu hakuwa wa kudanganywa. Asubuhi moja mvua ikiwa imekatika kidogo, Bibi Otilia akimgeuza ubavu, Babu alisema, "Magreti, nimechoka. Maliza, mwanangu." Mama akajibu, "Kesho, Baba." Babu akamtazama kwa upole sana, akamuuliza kama kesho anaifahamu. Mama akachukua waya. Sijawahi kuona mtu akifanya kazi huku anaichukia namna ile. Alipolichovya ua la mwisho, nta ya moto ikammwagikia kidoleni, naye akaendelea kuligeuza. Babu alilitazama ua lile, akazihesabu petali zake. "Hilo ndilo," akasema. Mchana aliukataa uji, bila hasira yoyote, kama mtu aliyeshiba.

Alifariki wiki ile ile. Tulimzika mvua ikinyesha. Mashada ya wengine yalivuja rangi, pinki na zambarau zikachirizika juu ya tope, na la Mama likabaki jeupe, kavu, maua yamejifunga. Watu walilitazama shada lile kuliko walivyolitazama kaburi, kisha wakajitenga nalo. Pasaka ikaja, kengele zikalia, harusi zikaanza, na hakuna aliyebisha hodi kwetu. Walisema mkono wa Magreti umezoea kutangulia. Mpaka anazeeka hakuna bibi harusi mwingine aliyeshika ua lake. Misiba ndiyo iliyonilipia shule, na wale wale waliokuwa wakivuka barabara kumkwepa ndio waliokuja kwa mlango wa uani walipofiwa.

Sasa nina duka langu la maua hapa mjini. Mashada ya plastiki yananing'inia mlangoni mwaka mzima, yapo tayari, na wapita njia hata hawageuzi shingo. Watu wananipigia simu mgonjwa akiwa bado wodini. Wananitumia jina la kuandika kwenye utepe, halafu wanasema, "Lakini subiri kidogo, dada, tutakuambia." Nami nasubiri, nafanya biashara. Tulipu za plastiki ninazo pia, zimepanuka mno, Babu angezitupa nje. Mtu ataniambia tumeendelea, tumeacha kuogopa vitu vya kipuuzi. Sijui. Utoto wangu ulinitia hofu ambayo sijapona, na sitaki mwanangu aipate. Lakini Babu aliliona shada lake, akalikosoa, akalikubali. Hawa wa leo tunawaagizia nyuma ya migongo yao, kisha tunaingia wodini na machungwa kwenye mfuko na kuwaambia wanaendelea vizuri.

Mama anaishi kwangu. Umri umemfika, anachoka upesi, ila akili yake ni kali vile vile. Mwaka huu Kwaresima ilipoingia niliingia chumbani kwake kutandika kitanda, nikaona amefunga kamba kutoka dirishani mpaka kwenye msumari wa rozari. Tulipu zilikuwa zimeanza kujipanga juu yake, nyeupe, zimejifunga sawasawa, nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza. Alikuwa amekaa kwenye kiti anavuta pumzi. "Haya ni yangu," akasema kabla sijafungua mdomo. "Sitaki wewe yakupate yaliyonipata." Nilitandika kitanda nikatoka, nikaenda kukaa bafuni na bomba nikaliacha wazi. Tangu hapo anatengeneza ua, anapumzika siku mbili, anatengeneza jingine, na anakula vizuri. Jana jioni aliniambia amebakiza machache tu, nimletee karatasi nyeupe kutoka dukani. Karatasi nyeupe ninazo rafu nzima. Nikamwambia zimeisha, na mzigo mwingine haujulikani utafika lini.