Safari ya Guangzhou Kumtafuta Mwenye Jina Letu

Nilikwenda Guangzhou kwa sababu ya jina. Watu wengi wa Arusha wanaopanda ndege kwenda kule hufuata mzigo, na mimi pia nilirudi na mzigo, kwa kuwa ninauza viatu vya shule na nauli ya China si ya kwenda kutazama majengo. Lakini viatu ningeweza kuviagiza kwa simu, kama nilivyokuwa nikifanya kwa miaka sita. Kilichoniondoa nyumbani ni ujumbe wa Bi Salma.

Bi Salma ni Mzanzibari, wakala wangu wa mizigo kule Guangzhou. Tulikuwa hatujawahi kuonana. Siku moja alinitumia ujumbe wa sauti: "Naomi, leo nilikuwa Zhanxi kwenye maduka ya viatu vya jumla. Kuna mzungu mmoja pale, kazi yake kukagua viatu, nikasikia wanamwita Shefchik. Nikasema, mbona hili jina la mteja wangu? Nikamuuliza mara mbili, akasema ndiyo, Shefchik. Basi nimeona nikwambie."

Mimi ni Naomi Shefchiki. Asiyetoka Meru huwa anauliza jina hili ni la kabila gani, kwa hiyo nieleze. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakimbizi kutoka Poland waliletwa kwenye kambi ya Tengeru, karibu na Arusha, wengi wao wanawake na watoto, na makaburi ya waliofia pale yapo hadi leo. Miongoni mwao alikuwamo mvulana aliyeitwa Jozefu. Alikulia kambini, akawa fundi kwenye karakana ya shamba la kahawa, akampata bibi yangu, binti wa kijiji cha Akheri. Kambi ilipovunjwa, Jozefu akaondoka na wenzake kabla mtoto wao hajatambaa. Mtoto huyo ni baba yangu. Siku ya ubatizo bibi alimtamkia mwinjilisti lile jina, na mwinjilisti akaliandika jinsi alivyolisikia.

Baba ana miaka sabini na kitu sasa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na wanafunzi walimwita Mwalimu Chifuchifu kwa kushindwa kulitamka jina lake. Nilipomsikilizisha ujumbe wa Bi Salma, aliurudia mara tatu, simu ameibana sikioni. Kisha akanirudishia.

"Nenda, mama," alisema. "Muulize kama kwao wanajua alikozikwa."

Jumapili alasiri niliondoka uwanja wa Kilimanjaro. Addis Ababa tulibadili ndege, na humo nikakaa katikati ya Mkongo aliyekuwa anafuata vitenge na mwanafunzi wa Kitanzania aliyekuwa anarudi chuoni. Yule mwanafunzi alinifundisha maneno matatu: *duoshao qian*, yaani bei gani; *tai gui le*, ni ghali mno; na *meiyou*, hakuna. Alisema la tatu nitalisikia zaidi ya yote. Ilikuwa kweli.

Jumatatu mchana tulitua. Kwenye dirisha la uhamiaji ofisa alilitazama jina langu, akanitazama usoni, akalitazama tena, akagonga muhuri. Nimeshazoea. Hata mpakani Namanga huwa wananifanyia hivyo.

Bi Salma alinipokea kwenye ofisi yake ndani ya jengo la Tianxiu, mtaa wa Xiaobei. Nilimtarajia mama mnene kwa sauti yake ya kwenye simu. Nikamkuta mwembamba, mrefu, buibui lake limepigwa pasi, amezungukwa na maboksi yaliyoandikwa Dar, Lubumbashi na Mombasa kwa kalamu nene.

"Shikamoo, Bi Salma."

"Marahaba mwanangu, karibu. Kumbe ndiwe wewe. Kaa, ule kwanza. Huyo mtu wako hakimbii, kesho saa nne atakuwepo palepale."

Alinipeleka kula kando ya barabara ya Huanshi Zhonglu, kwenye mkahawa wa Waislamu wa Kichina wanaovuta tambi kwa mikono. Nilimwambia kwamba nyumbani wananisubiri nimpate ndugu. Alinisogezea pilipili tu.

Jumanne saa nne tulifika Zhanxi. Ni karibu na stesheni ya reli, na mtu anayelijua soko la Kilombero la Arusha siku ya Jumamosi alizidishe mara nyingi, aongeze ghorofa juu yake. Mikokoteni ilipita na viroba vya viatu vilivyorundikwa juu kuliko wasukumaji wenyewe. Tulipanda hadi ghorofa ya tatu, kwenye duka la mama mmoja ambaye kila mtu alimwita *laoban*, tajiri. Ndani alikuwapo mzee wa miaka hamsini na kitu, kipara, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alikuwa ameshika kiatu cha ngozi, anakikunja soli kwa vidole gumba viwili, anakinusa gundi, anakiweka kushoto au kulia.

Bi Salma alinitambulisha. Nilitoa pasipoti nikamwonyesha jina. Alivaa miwani, akalisoma polepole kwa sauti, akatoa kadi yake. Juu yake iliandikwa Ivo Szewczyk.

Herufi hazikufanana hata kidogo.

"Hili si jina langu," nikamwambia.

Tulizungumza Kiingereza, chake na changu vyote vya sokoni. "Ni lako," alisema. "S na z zikikaa pamoja, soma *sh*. Hiyo w hapa inasomwa *f*. C na z, *ch*. Soma sasa."

Nikasoma: Shefchik. Mwinjilisti wa Akheri hakukosea kitu. Aliongeza tu ile i ya mwisho, kwa kuwa sisi hatuachi neno likiishia hewani.

Ivo ni Mbrazili, wa kusini kabisa mwa Brazili, kwenye viwanda vya viatu. Watu wengi wa kwao walikuja China viwanda vilipohamia huku. Wengi wamesharudi, yeye amebaki. Babu wa babu yake alitoka Poland kwa meli, akapewa shamba la msitu alifyeke. Aliyasema hayo akiwa amesimama, maana tajiri alikuwa anamsubiri na jozi nyingi zilikuwa bado hazijakaguliwa. Tukakubaliana tukutane kesho yake. Kabla hatujaachana Bi Salma alitupiga picha, mimi na Ivo bega kwa bega mbele ya ukuta wa viatu. WhatsApp yangu ilikuwa haifunguki kule, kwa hiyo picha niliituma kwa simu ya Bi Salma, ambaye yake ameiwekea njia ya kufunguka. Nikaandika chini yake: *Baba, nimempata.*

Laiti ningesubiri siku moja tu. Lakini sikusubiri.

Majibu yalikuja kabla hatujafika Xiaobei. Baba hajui kuandika ujumbe mfupi; alirekodi sauti. Alisema amemwonyesha mchungaji ile picha, amewaonyesha wazee wa usharika, na mama mdogo amesema pua yangu na ya yule mzungu ni moja. Alicheka. Mwishoni sauti yake ilibadilika, akasema, "Usisahau lile nililokutuma."

Jumatano saa sita nilikula chakula na Ivo, Bi Salma akiwa pembeni anajibu simu za wateja. Nilimweleza Ivo habari za Jozefu, kambi ya Tengeru, karakana, bibi yangu. Nikamuuliza kama kwao kuna kumbukumbu yoyote ya mtu wa ukoo aliyepitia Afrika, na alikozikwa.

Aliweka vijiti vyake mezani. "Dada yangu," alisema, "unajua jina letu maana yake nini?"

"Sijui."

"Kwa Kipolandi fundi viatu ni *szewc*. Kile kipande cha mwisho kinaongeza udogo au utoto. Fundi viatu mdogo, au mtoto wa fundi viatu, au mwanagenzi wake. Sasa niambie, zamani Poland kulikuwa na vijiji vingapi vilivyokuwa na fundi viatu?"

Nikasema nadhani kila kijiji.

"Kila kijiji. Na kila kijiji kikaita watoto wa fundi wake hivyohivyo. Hatukutoka kwenye shina moja. Wa kwetu walivuka bahari kwenda Brazili kabla babu yako hajazaliwa, na sijawahi kusikia mtu wetu aliyekwenda Afrika. Siwezi kukwambia ni ndugu. Ningependa iwe hivyo, lakini nitakuwa nakudanganya."

Akaendelea kunieleza, kwa upole, kama anayeonyesha kasoro ya soli. Amewakuta wenye jina hilo kila mahali alikofanya kazi. Kule Poland ni jina la kawaida sana. Ujerumani wapo waliokwenda kuchimba makaa ya mawe, wanaliandika kwa herufi za Kijerumani. Marekani wengine wamelifupisha likawa Shefchik, karibu sawa na letu. Wacheki wana la kwao, Ševčík, na Waukraine wana Shevchuk, yote ya fundi viatu. Ndugu yake mwenyewe wa tumbo moja ana herufi moja pungufu kwa kosa la karani.

"Na wewe unauza viatu," aliongeza.

"Nauza kwa sababu karo za watoto zilinishinda kwa ushonaji," nilimjibu, na wote wawili tukacheka kidogo. Kisha nikaikumbuka sauti ya baba, chakula kikanishinda.

Njiani kurudi nilimwambia Bi Salma kwamba nitampigia baba usiku uleule.

"Usimwambie kwenye simu," alisema. "Habari kama hii mtu huambiwa akiwa amekaa, na wewe umekaa mbele yake."

"Ameshawatangazia usharika mzima."

"Ndiyo maana. Au mwache na furaha yake. Mzee wa miaka sabini, inamdhuru nini kuwa na ndugu Brazili?"

Hilo la pili nilitembea nalo siku zote zilizobaki. Alhamisi hadi Jumatatu nilifanya biashara: nilichagua viatu vyeusi vya kamba na vya kufunga kwa pini, nikabishana bei, nikaambiwa *meiyou* kila nilipoomba namba ndogo za wasichana. Ivo alikuja siku mbili kunikagulia mzigo bila malipo, na akazikataa jozi nyingi ambazo mimi ningezichukua. Baba alituma sauti kila jioni. Aliuliza Mbrazili anakula nini, ana watoto wangapi, anasali wapi. Niliyajibu hayo kwa kuwa majibu yake yalikuwa ya kweli. Lile la kaburi nilisema tutaongea nikifika. Nilijiona mwongo hata hivyo.

Jumanne niliagana na Bi Salma mlangoni pa ofisi yake. Hakuniuliza nimeamua nini. Alinishika mkono na kuniambia nimsalimie mzee.

Jumatano mchana nilikuwa Akheri. Baba alikuwa amevaa shati la kanisani. Chai ilikuwa tayari, na viti vimepangwa kwa ajili ya watu ambao wangekuja baadaye kusikia habari. Nilimwomba tukae wawili kwanza.

Nilimwambia yote, tangu kadi ya Ivo hadi fundi viatu wa kila kijiji. Nilimwambia kwamba yule si ndugu yetu kwa namna yoyote tunayoweza kuithibitisha, kwamba wenye jina hilo ni wengi mno duniani, wamesambaa Ujerumani, Marekani na Brazili, na kwamba alikozikwa Jozefu hatukujui. Nikamwomba radhi kwa ile picha.

Baba alinipa kalamu nimwandikie jina lilivyo kwao. Nikaandika nyuma ya bahasha: Szewczyk. Alilitazama kwa muda, akawa anatamka herufi zake mbilimbili kama nilivyofundishwa na Ivo.

"Kwa hiyo ni jina kweli," alisema.

"Jina kweli kivipi, baba?"

"La watu. Lipo."

Ndipo akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema, si kwangu wala kwa mama yangu alipokuwa hai. Alipokuwa kijana, mwalimu mpya, aliandika barua mara mbili kwa shirika la kutafuta jamaa waliopotezana vitani. Aliandika jina la baba yake kama lilivyo kwenye cheti cha ubatizo: Jozefu Shefchiki. Mara zote mbili walimjibu kwamba jina kama hilo halimo kwenye orodha yoyote, na wala halifanani na jina la Kipolandi.

"Nikajua yule Jozefu alimdanganya mama yangu," baba alisema. "Alikuwa anaondoka, akamtajia jina la uongo asije akatafutwa. Miaka yote nimelibeba nikijua ni la uongo. Sikutaka mjue. Nilipomsikia yule mama wa Kizanzibari kwenye simu, nilidhani labda..."

Alipangusa miwani yake kwa pindo la shati.

"Hakudanganya," nilisema.

"Hakudanganya. Alimtajia jina la nyumbani kwao, na mama akalishika vilevile."

Watu walipokuja, aliwaambia mwenyewe kwamba yule wa kwenye picha si ndugu. Mama mdogo alibisha kuhusu pua. Jumapili kanisani baba aliomba nafasi baada ya matangazo, akasimama na kurekebisha kauli yake mbele ya usharika wote, kwa ufupi, kama mwalimu anayesahihisha ubao. Wiki hiyohiyo tuliandika barua ya tatu, safari hii kwa jina la Szewczyk. Majibu bado, na kwa wingi wa wenye jina hilo huenda yakachukua muda mrefu, au yasije.

Nilikwenda Guangzhou kutafuta mtu mmoja, nikaambiwa jina letu ni la maelfu. Siku ile mbele ya Ivo niliona nimepoteza kila kitu. Sikujua kwamba nyumbani kulikuwa na mzee ambaye, kwa miaka hamsini, alichohitaji ni kusikia kwamba jina lake ni la kawaida.