Shahidi Wangu Amemtaja Tonton Aliyenilea

Admini, ficha jina langu kabisa, hata herufi ya kwanza usiiweke. Na ninyi mnaosoma, nawaomba mfike mwisho kabla ya kunihukumu.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Kisangani. Papa alikufa nikiwa na miaka tisa. Mdogo wake, tonton wangu, alituchukua mimi na mama, akatuweka nyumbani kwake Mangobo na kunisomesha. Leo niko mwaka wa pili wa master kule Ulaya, sheria ya kimataifa na ya Ulaya. Tonton ana mitumbwi mikubwa ya injini inayovusha watu na mizigo mtoni. Amezaa mapacha, ndiyo maana huko bandarini wanamwita Papa Mapasa. Anachechemea mguu wa kushoto tangu alipopata ajali ya pikipiki.

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani kwa ajili ya mémoire, ile kazi ya kuandika ya kumaliza masomo. Yangu inahusu haki ya watu walioumizwa na vita kusikilizwa mbele ya mahakama. Mnajua yaliyotokea Lubunga, ng'ambo ya mto. Ugomvi wa mashamba uligeuka vita, nyumba zikachomwa, watu wakavuka kukimbilia upande wetu, na hadi leo wanalala kwenye mahema. Kila asubuhi nilikuwa naenda kwao na daftari na simu ya kurekodi.

Siku ya nne nilikaa na mama mmoja mkulima aliyepoteza vijana wake wawili. Alizungumza bila kulia, huku anachambua pondu, majani ya muhogo.

"Balikuja na pirogue ya moteur," akasema, yaani mtumbwi wa injini. "Mwenye alikuwa anabagawia mapanga alibakia pembeni ya mai. Anavuta muguu ya kushoto. Banamuita Papa Mapasa."

 Nikamuuliza kama alimwona yeye mwenyewe au aliambiwa na watu.

"Nilimuona sawa vile niko nakuona wewe. Unamujua?"

Nikajibu, "Hapana, mama." Uongo huo umo kwenye simu yangu mpaka sasa, kwa sauti yangu mwenyewe.

Jioni hiyo nilimkuta tonton mezani, anacheka na mapacha wake. Yeye huniita Maître, kama mwanasheria mkubwa. Akanisogezea samaki. "Alors Maître, bale bakimbizi banakuambia nini?" Nikasema wanalalamikia mvua na njaa. 

Siku tatu baadaye nilikuta daftari langu limehamishwa kutoka ndani ya sanduku, liko juu ya kitanda. Sikuwa nimeandika majina, lakini nilikuwa nimeandika habari za kila mtu. Tonton alikuwa amesimama mlangoni.

"Ule mama mwenye alipoteza batoto babili, iko mu hema gani?"

"Alisha kuondoka, tonton. Sijui kwenye alienda."

Akatabasamu. "Bon. Mutoto wangu hawezi kunidanganya. Loi, sheria ya Ulaya, iko kule Ulaya. Hapa kuko famille."

Darasani tulisoma juu ya ulinzi wa shahidi majuma mengi, na mtihani nilifaulu vizuri. Lakini hakuna mwalimu aliyenifundisha nifanye nini iwapo anayemtafuta shahidi ndiye anayenilisha.

Kesho yake asubuhi nilikimbilia kwenye mahema. Nilimwambia yule mama kila kitu: kwamba nilimdanganya, kwamba yule ni tonton wangu, na kwamba anamtafuta. Akarudi nyuma hatua mbili, akamvuta mjukuu wake karibu naye.

"Sasa umekuja kunionya, ao kuangalia fasi niko nalala?"

 Nilipopita tena kesho yake, hema lake lilikuwa tupu. Majirani walisema hawajui alikokwenda, nami sikuwalaumu. Kwa siku mbili sikulala. Kila pikipiki iliyosimama mbele ya nyumba, nilidhani inaleta habari ya kifo chake. Mwishowe yule mama, niliyekuwa nimemwachia namba yangu, akanipigia kwa simu nisiyoijua. Alisema maneno machache tu: "Niko muzima. Usifute sauti yangu. Bakikuuliza, ubapatie." Akakata.

Profesa anayenisimamia aliniandikia kwamba kuna wachunguzi wanaokusanya ushahidi wa vita hii, na wanaweza kuupokea kwa siri. Ila uamuzi, alisema, ni wangu. Nikamweleza mama yangu. Alipiga magoti mbele yangu, mama yangu mzazi! "Wewe utapanda ndege," akasema. "Mimi nitabakia mu nyumba ya nani? Akijua, ataniuliza mimi." Nikamwomba tuondoke pamoja, aende kwa dada yake Bunia. Amekataa. Anasema huyo mtu alituokoa tulipokuwa hatuna hata chumvi, na hataki kusikia mengine.

Ndugu zangu, mimi nampenda tonton. Ndiye aliyenishika mkono siku ya kwanza ya shule. Na sasa nikisikia hatua zake kwenye koridoo, nafunga mlango kwa ufunguo.

Alhamisi narudi Ulaya. Jana alisema atanipeleka mwenyewe uwanja wa ndege, na kwamba nitamwachia simu yangu, ameninunulia mpya. Nakala ya sauti nimeshaificha mahali pengine, yeye hajui. Nikiitoa, mama yangu anabaki mikononi mwake. Nikinyamaza, yule mama aliwazika vijana wake na hakuna mahakama itakayomsikiliza.

Msiniambie tu niombe Mungu, naomba tangu mwezi uliopita. Wenye hekima, na hasa ninyi mliopitia vita ndani ya familia moja, nishaurini. Zimebaki siku tano. Nifanye nini?